Wale wasafiri wa Dempster: punguza mwendo, simama, zima gari

Mkuu nimesoma swali lako mara mbili nikaona nikujibu kwa urefu maana hili jambo liko moyoni mwangu kabisa. Kwa wanaoingia sasa hivi, jamaa anauliza hivi: yeye na mke wake wanapanda Dempster, ile barabara ndefu ya changarawe kule kaskazini mwa Kanada, mwezi wa sita mwakani na gari yao, amesikia njiani kuna watu wa baiskeli na pikipiki waliotoka mbali ajabu, anataka kujua je kusimama kuongea nao ni kuwasumbua, je kuna hatari kusimama na watu usiowajua katikati ya pori, na je siku mbili za kwenda zinatosha. Mimi na mama watoto tumeipita mara moja tu, kwenda na kurudi, mwishoni mwa mwezi wa sita, ila tulitumia siku 12, na mpaka leo tukikaa tukaanza kukumbushana ile safari hatuanzi na milima, tunaanza na watu.

Naanza na la mwisho. Siku mbili hazitoshi. Gari itafika, hilo halina ubishi, ila wewe utakuwa umeangalia kioo tu njia nzima na hao watu unaowauliza utakuwa umewapita mmoja mmoja na kuwaachia vumbi. Tenga siku 5 za kupanda kama unaweza, 4 kwa uchache, na ya akiba moja kwa ajili ya mto, nitaeleza chini.

Kwa wasioijua: Dempster inaanzia kama kilomita 40 kutoka Dawson City, eneo la Yukon, kaskazini magharibi ya Kanada, inakwenda kilomita 736 mpaka Inuvik, karibu yote changarawe. Ilifunguliwa 1979. Halafu Novemba 2017 wakafungua kipande kingine cha kama kilomita 138 kutoka Inuvik mpaka Tuktoyaktuk, wenyeji wanasema Tuk tu, na hapo umefika Bahari ya Aktiki, barabara imeisha, mbele yako maji. Hicho kipande ndio kilibadilisha kila kitu. Zamani mtu anayetaka kuvuka bara zima la Amerika kutoka juu kabisa mpaka Ushuaia kule chini Argentina alikuwa anaanzia Alaska, Prudhoe Bay, na kule hata ukifika mwisho wa barabara kilomita za mwisho kwenda baharini ni eneo la visima vya mafuta, huendi mwenyewe mpaka upelekwe. Tuk unachovya tairi baharini mwenyewe. Kwa hiyo sasa hivi kila kiangazi unakuta wanaoanza safari ya maisha yao na wanaoimaliza wanapishana kwenye barabara hiyo hiyo moja, hakuna nyingine.

Na elewa kitu kimoja kuhusu hiyo barabara maana kinaeleza kwa nini watu wanakutana vile. Ardhi ya kule chini imeganda mwaka mzima, ukiifunua ikapata joto inayeyuka na kila kilicho juu kinazama, ndio maana barabara wameijengea juu ya tuta nene la changarawe, sehemu nyingi zaidi ya mita moja, ili ule ubaridi ubaki chini. Sasa tuta lile kingo zake zimeshuka kama paa la nyumba na pembeni ni kinamasi, mbu, na majani yenye vichuguu vya kuvunja kifundo cha mguu. Mtu wa baiskeli hana pa kuegesha wala pa kuweka tenti popote anapochoka. Anaenda mpaka apate daraja, au shimo la kuchimbia kokoto, au moja ya zile kambi chache za serikali. Kwa hiyo wote wanalala sehemu zile zile, wanajuana kwa sura na kwa habari, ukimtaja mtu mmoja aliyeko kilomita 300 mbele wanakwambia aah yule wa begi jekundu, anaumwa goti.

Sasa nikwambie tulivyojifunza kusimama.

Siku ya pili tu, tumepita mlima wa Tombstone, tunakaribia Engineer Creek (kilomita 194, kile kijito chenye maji mekundu ya chuma), naendesha kama 70 hivi, mbele namuona mtu wa baiskeli anakuja upande wetu, amenyanyua mkono. Nikamnyanyulia na mimi mkono nikampita. Mama watoto akageuka nyuma akasema simama, yule hatusalimii, yule anatuita. Nikarudi nyuma taratibu. Ni mama wa Kiswisi, mtu mzima, amepita miaka 60 kwa mwenyewe kusema, alianzia Tuk na anakwenda Ushuaia. Uso mzima matope isipokuwa macho. Tukidhani anataka maji au ameharibikiwa. Hakuanza na hilo kabisa. Alifungua kibegi cha mbele kwenye usukani akatoa miwani ya kusomea imefungwa kwenye soksi.

Hadithi yake ni kwamba siku tatu nyuma, kambi ya Rock River, karibu na mpaka wa Yukon na eneo linalofuata, Northwest Territories, alikunywa chai na mzee mmoja wa baiskeli anayeelekea kaskazini, mzee peke yake, na asubuhi mzee alipokuwa ameshaondoka ndio akaiona miwani juu ya meza. Yeye anakwenda kusini, mzee anakwenda kaskazini, kila siku wanazidi kuachana. Kwa siku tatu alikuwa ananyanyua mkono kwa kila gari inayopanda. Tisa zilimpita. Wengine walipiga honi kwa furaha, wengine walimpungia kama mimi. Sisi ni wa kumi na ndio wa kwanza kusimama.

Daah nilijisikia vibaya sana, maana nilikuwa karibu kuwa wa kumi kupita.

Kwa hiyo mkuu jibu la swali lako la kwanza ndio hilo. Simama. Wao hawana njia ya kukusimamisha wewe, upepo unapiga, vumbi, wewe umefunga vioo na muziki juu. Wewe ndiye mwenye breki. Anza kupunguza mita 200 kabla, mpaka uwe unatembea mwendo wa mguu, kwa sababu zile kokoto zikirushwa na tairi zinampiga mtu wa baiskeli kama manati, na vumbi linamziba kabisa haoni lori linalokuja nyuma. Shusha kioo, nyanyua dole gumba juu huku unauliza kwa uso, kama yuko sawa na hataki maongezi atarudisha dole gumba na kuendelea, wapo wa hivyo na hawana ubaya wowote, mtu akiwa kwenye kilima hataki kuvunja mwendo. Akiweka mguu chini, basi zima gari. Kuzima gari kuna maana kubwa, mtu anaona huyu ana muda na mimi.

Na yule mama tulipomuuliza anahitaji nini, alitaka vitu viwili. Habari za mbele na maji. Habari za mbele akimaanisha kilomita ngapi mpaka daraja linalofuata, matope yameanzia wapi, malori ya ukarabati yako wapi. Maji tulidhani ni ya kunywa, tukampa dumu la lita 10, akaweka chupa moja pembeni halafu maji yote mengine akamwagia cheni na gia. Ile barabara wanaimwagia chumvi ya kalsiamu ili vumbi lishike, ikinyesha mvua inakuwa uji wa kijivu, unaingia kwenye kila tundu la baiskeli, ukikauka ni saruji. Siku nzima alikuwa anaendesha na gia moja tu. Alivyosikia cheni imeanza kuzunguka vizuri alifumba macho akasikiliza. Mimi sijawahi kuona mtu anaisikiliza cheni vile.

Jambo lingine usilifanye, usianze kwa kumwambia nikupe lifti. Najua kwetu ni upole, ukimuona mtu anataabika unampakia. Lakini wengi wao wamejiwekea nadhiri ya kupita kila kilomita kwa miguu yao, na mtu amechoka, ananyeshewa, unamfungulia mlango wa gari yenye hita, umemtia kwenye mtihani ambao hakuuomba. Akitaka atasema mwenyewe. Na usimwambie "bado kidogo tu" au "kilima kimeisha", maana kidogo ya gari sio kidogo ya baiskeli. Angalia mita kabla hujasimama, mwambie namba: kilomita 14 kuna daraja, maji yapo, nimeona sehemu ya tenti. Hiyo kwake ni dhahabu.

Hatari umeuliza. Kwa watu, mimi sikuona hata chembe na sitakudanganya kwamba najua moyo wa kila mtu, ila mtu aliyebeba nyumba yake yote kwenye mifuko minne hana sababu ya kukufuata wewe. Hatari ya kule ni malori, kioo cha mbele na tairi. Ukipita milima ya Ogilvie kwenda mbele mawe yanakuwa yale ya bapa yenye makali, tembea na spea mbili kamili, sio ile ya kuendea gereji, na lori likija kaa kulia kabisa ukaribie kusimama. Dubu wapo. Ndio maana ukimpa mtu wa baiskeli chakula muulize kwanza ana pa kukihifadhi usiku, samaki au nyama yenye harufu jioni kwa mtu wa tenti sio zawadi nzuri. Chungwa ni bora. Tuliwagawia watu machungwa nikaona wazungu wazima wananusa ganda kwanza dakika nzima kabla hawajala.

Eagle Plains ni kilomita 369, ndio hoteli pekee na mafuta pekee tangu ulipoondoka Dawson, jaza tenki Dawson, hili wala usilifanyie majaribio. Pale wana gereji wanaziba pancha. Kaa pale usiku mmoja hata kama una nguvu ya kuendelea. Pale uwanjani tulikuta mzee na bibi wa Kijerumani na lori lao lililofungwa nyumba mgongoni, walilipakia melini Hamburg likashushwa Halifax upande wa pili wa Kanada, huo ni mwaka wao wa nne barabarani. Na kijana wa Argentina, pikipiki yake ni 150cc, pikipiki ya kawaida kabisa kama zinazobeba abiria mjini, imetoka Ushuaia. Nilimuuliza alipitaje pale katikati ya Panama na Kolombia ambapo hakuna barabara, ule msitu wa Darién, akasema kama wengine wote, pikipiki ilipanda chombo cha majini. Anasema watu wote wanamuuliza kuhusu Darién wakati iliyomtesa ni upepo wa Patagonia, kule kusini mwa Argentina, ndani ya wiki yake ya kwanza, pikipiki ilikuwa inalala yenyewe barabarani.

Yule Mjerumani aliposikia tunaongea Kiswahili akasimama kutoka kwenye kiti chake akaja. Alishapita kutoka Marsabit kwenda Moyale kabla ya lami. Hakukumbuka maneno mengi ila alichora mezani na kidole yale mawimbi mawimbi ya barabara, akitikisa na kichwa, sisi wote tukacheka mpaka machozi, maana ukishapita ile barabara ya zamani huhitaji kuelezwa. Halafu akakaa kimya kidogo akasema kule ndipo alipokaa siku mbili anasubiri spea na watu wakamlisha, na yeye mpaka leo hampiti mtu aliyesimama barabarani. Nikamuonyesha ile miwani. Akaichukua, akaifuta vizuri na leso yake, akairudisha kwenye soksi.

Haya, sasa mto.

Ukivuka mzunguko wa Aktiki (kilomita 405, kuna kibao, kila mtu anapiga picha, piga na wewe) na ukavuka milima ya Richardson unashuka mpaka mto Peel. Hakuna daraja. Kiangazi kuna pantoni inayovutwa kwa waya, bure, baridi kali kuna barabara juu ya barafu, na katikati ya hayo mawili, barafu ikiwa inaganda au inakatika, hakuna kitu, unasubiri wiki kadhaa. Sisi tulikuta mvua za milimani zimeujaza mto, magogo mazima na mizizi yake yanapita kama treni, pantoni imefungwa ng'ambo ya pili. Hakuna anayejua mpaka lini. Tulikaa pale saa 40 hivi.

Kuna watu waligeuza magari wakarudi. Naelewa, kila mtu na ratiba yake. Lakini mkuu kama kuna kitu kimoja nakuombea kwenye safari yako ni hizo saa 40. Tulikuwa kama magari 15, pikipiki 4, baiskeli 3. Jua halizami, linazunguka tu juu ya miti, kwa hiyo hakuna anayejua saa ya kulala, mtu anapika ugali saa 8 usiku (ndio, mama watoto alibeba unga) na watu wanakuja na sahani. Kijana wa Argentina alikuwa na tairi la nyuma limekwisha mpaka nyuzi zinaonekana, dereva mmoja wa lori alikaa naye masaa wakatafuta tairi kwenye vitu vya kila mtu, halikupatikana, wakaweka kipande cha tairi kuukuu kwa ndani kama kiraka. Wajerumani walifungua ngazi ya lori lao wakaligeuza kuwa maktaba ya ramani.

Na pale alikuwepo bibi mmoja wa Kigwich'in, wenyeji wa asili wa kule, kwao Fort McPherson, kilomita 11 tu baada ya ng'ambo, yuko karibu na kwake lakini mto umemkatalia kama sisi. Ndani ya gari lake alikuwa na samaki wakavu, akakata vipande vidogo akampa kila mtu, watoto kwanza. Yeye ndiye alitueleza jina la barabara limetoka wapi. Desemba 1910 askari wanne wakiongozwa na Francis Fitzgerald walitoka Fort McPherson na mbwa wa kuvuta sleji wakipeleka barua Dawson. Njiani walikuwa na kiongozi wa Kigwich'in, wakamruhusu arudi wakaona wataweza wenyewe, wakapotea, chakula kikaisha, wakala mbwa, wakajaribu kurudi, wote wanne wakafa. Aliyetumwa kuwatafuta kutoka Dawson na akawakuta Machi 1911 ndio huyo Dempster, askari, koplo wakati ule. Makaburi yao yako Fort McPherson, tulienda kuyaona baadaye. Bibi anasimulia huku anaangalia ule mto, hana haraka hata kidogo, akasema watu wake walikuwa wanapita hapa na watoto mgongoni miaka yote hiyo, waliokuwa wanasafiri mbali zaidi ni wao na hakuna aliyewaita wasafiri. Yule Mswisi, wale Wajerumani, sisi wenyewe, nilituona sote upya pale.

Mwingine alikuwa dereva teksi wa Inuvik, Msudani, alikuwa anarudi na gari aliyoifuata kusini. Alitusikia tukiongea akawa anaokota maneno, safari, habari, wakati, sababu, akaja anacheka anatuambia nyie mmeiba Kiarabu chetu. Tukaswali naye pembeni ya barabara. Akatueleza msikiti wao Inuvik wenyewe ni msafiri, na hii ni kweli tulienda tukauona: mwaka 2010 ulijengwa Winnipeg, mji wa kusini mwa Kanada, jengo zima, ukapakiwa kwenye lori mpaka Hay River, kule ukapandishwa tishari ukashuka na mto Mackenzie mpaka Inuvik, jumla kama kilomita 4,000. Ni kibanda cha kawaida, rangi ya maziwa na kahawia, kidogo, kimetulia pale kwenye baridi. Mama watoto alilia mlangoni. Mtu akikuonyesha kuna watu waliamua hata nyumba ya ibada isafiri umbali ule ili wasiokuwa na mahali pa kuswali wawe nacho, unaona kusimamisha gari dakika kumi ni kitu kidogo sana.

Mto ulivyoshuka pantoni ikaja. Nikamuuliza yule jamaa anayepanga magari kuhusu mzee wa baiskeli. Akasema ndio, alivuka siku moja kabla maji hayajapanda, namkumbuka maana aliniomba nimsomee ramani, akaniomba nirudie mara mbili.

Basi toka pale tukawa tunauliza kila mahali. Fort McPherson dukani: amepita, kijana wa kaunta alimsomea maandishi ya kwenye dawa. Pantoni ya pili, ya mto Mackenzie pale Tsiigehtchic: amepita. Inuvik tulifika usiku uliokuwa mchana, asubuhi tukaenda kambini, jirani yake wa tenti akasema ameondoka jana kwenda Tuk.

Kipande cha Inuvik mpaka Tuk miti inapungua, inakuwa mifupi, halafu inaisha kabisa. Maziwa kila upande, huwezi kuyahesabu, na upepo unatoka baharini hauna cha kuuzuia. Kama kilomita 80 kutoka Inuvik tukamuona. Hakuwa amepanda, alikuwa anaikokota baiskeli, ameinama kama anasukuma mlango. Nilipunguza mbali sana, nikasimama mbele yake kidogo upande unaokinga upepo, nikazima gari. Mama watoto akashuka na soksi mkononi.

Mzee aliiangalia ile soksi kabla hajaangalia sisi. Alijua. Akakaa chini pale pale kwenye changarawe akaifungua, akaivaa, akaangalia mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma. Tukachemsha chai nyuma ya gari. Akatoa daftari lake akatuonyesha, kila siku anaandika safari yake, na mpaka Rock River maandishi ni madogo, yamepangwa kama ya mwalimu, halafu yanabadilika ghafla, herufi kubwa kama za mtoto, maneno manne ukurasa mzima, siku saba hivyo. Hakukosa hata siku moja. Alituuliza jambo moja tu kuhusu yule mama: gia zake alizipata? Tukamwambia tulimpa maji, cheni inazunguka. Akaandika hilo, kwa herufi ndogo, huku sisi tumesimama.

Tulimuuliza kuhusu mzigo, si kuhusu yeye. Akatupa mfuko wa takataka zake za wiki nzima tukamtupie Tuk, na hilo mkuu liulize kila unapokutana nao, hakuna pa kutupa kule na wanabeba uchafu wao mamia ya kilomita, ukiwapunguzia gramu 800 za makopo wanakushukuru kuliko ungewapa pesa.

Tuk tulilala usiku mmoja, tukaangalia zile pingo, vile vilima vyenye moyo wa barafu, kikubwa chake kinaitwa Ibyuk, karibu mita 50. Kesho yake mchana tunafunga mizigo kurudi nikamuona mzee ufukweni, baiskeli imelala, tairi la mbele liko ndani ya maji. Alikuwa anasoma kile kibao cha Bahari ya Aktiki, neno kwa neno, na miwani amefunga kamba ya kiatu mpaka shingoni.